Mwalimu wa Mutakura anayeuliza ‘Nani?’

Saa tatu asubuhi, Jumamosi. Karakana ya seremala Fortunat, hapa Mutakura, mtaa wa kaskazini mwa Bujumbura, inanuka mbao mbichi na gundi. Misumeno imetundikwa ukutani. Meza ya kupigia randa imesukumwa pembeni, na mahali pake yamepangwa mabenchi manne. Wanafunzi kumi na mmoja, wote watu wazima, wamekaa magoti yao yakigusana.

Mbele yao amesimama mwanamke mfupi, kitenge cha kijani kiunoni, chaki mkononi. Ubao wake ni kipande cha mbao nyepesi kilichopakwa masizi. Anaandika: Nyumba ilichukuliwa.

Anageuka. “Sentensi hii ina kasoro gani?”

“Haina, Mwalimu,” anajibu Rachidi, fundi baiskeli aliyekaa benchi la mbele. “Kiima ni nyumba. Kitenzi ni ilichukuliwa.”

“Kwa sarufi haina kasoro, umesema kweli. Sasa nauliza kama msomaji. Hiyo nyumba ilijibeba yenyewe?”

Darasa linacheka.

“Ilichukuliwa na nani?”

Kicheko kinakatika. Katika mtaa huu hakuna mtu mzima asiyejua nyumba fulani iliyochukuliwa, na wengi wanajua ni nani aliyeichukua. Mwalimu anangoja. Hana haraka. Anagonga ubao kwa kidole na kurudia neno moja tu, kwa sauti ile ile.

“Nani?”

Huyo ndiye Pascaline Cirimwami, mwenye umri wa miaka arobaini na nne. Siku za kazi anafundisha katika shule moja ya msingi Mutanga Sud, na Jumamosi anakuja Mutakura kurudia na watu wazima mambo mawili: jinsi ya kusimulia habari, na jinsi ya kujenga sentensi. Kwa sababu ya mambo hayo mawili, mwaka huu wa 2003 ametishwa, amefungiwa mlango, na ameambiwa arudi kwao.

“Sikurudi,” anasema. “Kwetu pia wanapigana.”

Kwao ni Kabare, juu ya Bukavu. Vita vilipozuka huko mwaka 1996, alishuka hadi Uvira na watoto wake wawili, akavuka mpaka, akaingia Bujumbura, mji ambao wakati huo ulikuwa katika vita vyake wenyewe. Mume wake alibaki nyuma kufunga duka. Hajasikia habari zake tangu wakati huo. Akizungumza juu ya mume wake hutumia wakati uliopo, na haombi radhi kwa hilo.

“Mi niko mwalimu wa sarufi,” anasema, akirudi kwenye Kiswahili cha nyumbani kwao. “Nikisema ‘bwana yangu anauza dukani’, najua nasema nini.”

Mshahara wa shule unaishia kwenye kodi ya chumba huko Mutanga Nord na kwenye unga. Darasa la Jumamosi halimwingizii kitu cha kutajwa. Wanafunzi wanaleta walichonacho: sabuni, mkaa, siku nyingine ndagala, wale dagaa wa Ziwa Tanganyika.

Darasa lilianza mwezi wa nne. Shirika moja la misaada lilitangaza kwamba linatafuta watu wa kupokea wakimbizi wanaorudi kutoka kambi za Tanzania na kuandika maelezo yao. Wengi wa wanaorudi, hasa vijana waliokulia kambini, wanakimudu Kiswahili kuliko Kifaransa. Anayetaka kazi hiyo lazima afanye mtihani: asikilize mtu akisimulia, aandike simulizi hiyo ikiwa na kichwa na miguu, kisha achambue sentensi.

Habari hiyo ilipofika sokoni Mutakura, watu ambao shule zao zilikatizwa na risasi walianza kuulizana nani anaweza kuwakumbusha. Fortunat, ambaye mtoto wake anasoma kwa Pascaline, alikwenda kumwomba. Akatoa na karakana yake.

Fortunat mwenyewe hazungumzi sana. Katika miaka mibaya, jeneza ndilo lililolisha nyumba yake. Mwaka huu, anasema, ni mara ya kwanza kwa muda mrefu watu kumwagiza milango mingi kuliko majeneza. “Mutu anayeagiza mlango ana mupango wa kukaa,” anasema, na kurudi kwenye randa yake.

Masomo ya Pascaline hayafanani na ya vitabuni. Mada ni zile zile: wahusika, mandhari, mgogoro, kilele, mwisho. Lakini mifano anaitoa kwenye maisha ya watu walio mbele yake.

“Mtu akishuka kwenye lori hakusimulii kwa mpangilio,” anawaambia. “Ataanza na mbuzi wake, atarukia kifo cha kaka yake, atarudi kwa mbuzi. Usimkatize. Lakini ukiandika, msomaji ajue: ni nani huyu? Alikuwa wapi? Lini? Nini kilimvuruga? Mambo yaliishaje? Na usiongeze chumvi hata punje moja.”

Juu ya nyakati za vitenzi ni mkali zaidi.

“Mama akikuambia ‘mume wangu analima’, uliza tena kwa adabu. Analima, au alikuwa analima? Tofauti ni neno moja, na kwa neno moja umemfanya mke kuwa mjane.”

Mwezi wa saba, makombora yalipoanguka mjini na watu wa mitaa ya kusini wakawa wanatembea na magodoro vichwani, wengi walidhani darasa limekufa. Jumamosi iliyofuata Pascaline alikuja kama kawaida. Wanafunzi tisa nao walikuja. Siku hiyo walirudia viunganishi, mizinga ikisikika kwa mbali kwenye milima.

“Walioturushia mabomu hawakuniuliza ratiba yangu,” anasema. “Na mimi sikuwauliza yao.”

Matatizo hasa yalianza na mwanafunzi mmoja anayeitwa Patricia.

Patricia ana miaka ishirini na mmoja na anasuka nywele sokoni. Mwezi wa tisa Mwalimu alitoa zoezi: kila mtu aandike simulizi ya siku moja aliyoiona kwa macho yake, kisha aisome mbele ya wenzake. Patricia alisimama, akasoma hivi:

“Mwaka 1995 nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Tulikaa Mutakura, nyumba ya matofali ya kuchoma. Asubuhi moja risasi zilianza. Tulikimbia bila viatu. Baba alirudi kufunga mlango. Baba aliuawa. Siku ya tatu mimi na shangazi tulirudi kutafuta sufuria. Tulimkuta Révérien. Aliingiza godoro lake katika chumba cha mama. Alituona. Alitupa sufuria. Alifunga mlango.”

Révérien si mhusika wa kubuni. Ni karani katika ofisi moja mjini, na mpaka leo anaishi katika nyumba hiyo na mke wake, umbali mfupi tu kutoka kwa Fortunat. Mama yake Patricia yuko kambini Tanzania.

Wengine walitaka Mwalimu aseme lolote, aseme pole, au aseme basi inatosha. Pascaline alichukua chaki.

“Baba aliuawa,” alisema. “Na nani?”

“Sijui, Mwalimu.”

“Basi andika hivyo. ‘Sijui nani alimuua.’ Kauli ya kutendwa si dhambi, inasaidia pale tusipomjua mtenda. Lakini mwambie msomaji kwamba hujui, asifikiri unaficha.”

Patricia aliandika.

“Sasa hapa. ‘Alitupa sufuria.’ Soma mwenyewe uone. Alizirusha nje, au aliwapa ninyi?”

Wanafunzi walianza kunong’ona. Kumbe sentensi hiyo ilikuwa na maana mbili, na kila mmoja alikuwa tayari ameshachagua yake. Rachidi anakiri kwamba yeye alishaona sufuria zikiruka uani.

Patricia aliutazama ukurasa wake. “Alitupatia,” alisema. “Mkononi. Hata mufuniko alitafuta.”

“Basi andika ‘alitupatia’. Kama unamtaja mtu kwa jina, mtaje kwa yote aliyoyafanya.”

Huo ndio ukawa ukurasa wa Patricia. Habari zake zilifika nyumbani kwa Révérien kabla ya jua kuzama.

Wiki iliyofuata, darasa likiwa linatoka, mwanamume wa makamo aliyevaa koti alisimama mlangoni. Alimsalimu Mwalimu kwa Kirundi, kisha akazungumza Kiswahili. Pascaline anayakumbuka mazungumzo yale neno kwa neno, na Fortunat, aliyekuwa anapanga mbao, anayathibitisha.

“Nasikia hapa munafundisha watu kuandika majina ya watu.”

“Ninafundisha insha na sarufi, muzee wangu.”

“Sarufi haina haja ya jina langu. Mutoto aandike ‘nyumba ilihamiwa’. Mutu mwenye akili atafahamu.”

“Angekuwa hajui nani alihamia, ningemwambia aandike hivyo. Huyu anajua.”

“We Mwalimu, we si wa hapa.”

“Ni kweli. Na nyumba si yangu. Mimi nimeombwa kusahihisha sentensi tu, na hiyo sentensi haina kosa.”

Hapo, anasema Pascaline, Révérien alikaa kwenye benchi kama mtu aliyechoka ghafla.

“Munaandika godoro,” alisema. “Unajua godoro lile nililitoa wapi? Kamenge, mutaa wa pili hapo. Nyumba yangu waliichoma. Mutoto wangu wa kwanza alibaki ndani. Hiyo nani ameandika?”

Pascaline alikuwa amejiandaa kwa mtu wa kumtukana, si kwa mtu aliyefiwa.

“Njoo Jumamosi,” alimwambia hatimaye. “Kaa hapo ulipokaa. Uandike.”

“Sina muda wa hadithi.”

Aliinuka. Kabla ya kutoka, alimwachia ujumbe wa kumpelekea Patricia: kama jina la Révérien litaondolewa, atamwachia msichana chumba cha nyuma, bure, mpaka mama yake arudi. Kama halitaondolewa, karakana ile imejengwa kwenye kiwanja cha shemeji yake, na shemeji yake anasikiliza ushauri.

Aliyefuata kuja alikuwa Adija, shangazi yake Patricia, anayeuza ndagala Buyenzi. Huyu hakubisha hodi. Alimkuta Pascaline nyumbani kwake Mutanga Nord anafua, akasimama mbele ya beseni.

“We uko Mukongomani,” alimwambia. “Siku moja utapanda gari, utarudi Bukavu. Huyu mutoto ataenda wapi? Nilimushika mukono siku ile. Mi ndiye nilimufunika macho tulipopita kwa maiti ya baba yake. Wewe unamufunua tena juu ya sarufi?”

“Dada, sikumwambia aandike nini.”

“Lakini ulimuuliza nani. Apana, Mwalimu. Kuna miji mutu hauulizi hilo neno.”

Adija aliondoka bila kuaga. Pascaline anasema maneno yale yalimkaa kifuani kuliko vitisho vya Révérien, kwa sababu hakuweza kuyapinga yote. Yeye ana wa kwao wa kuwarudia, hata kama huko kunaungua. Patricia ana Mutakura tu.

Kesho yake alikwenda sokoni. Patricia alikuwa anamsuka mteja. Pascaline alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akamweleza yote: chumba cha nyuma, kiwanja cha shemeji, maneno ya shangazi yake.

“Ukitoa jina, sitakupunguzia alama,” alimwambia. “Ukiliacha, siwezi kukulinda. Mimi sina askari. Usiliache kwa ajili yangu.”

Patricia aliendelea kusuka. Alimaliza mstari mmoja, akaanza mwingine.

“Chumba cha nyuma ndiko tulikuwa tunafugia kuku,” alisema.

Kisha akasema, bila kuinua macho: “Mwalimu, nimeandika alichofanya. Hata ile ya sufuria nimeandika. Anataka nitoe nini?”

Jina likabaki.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa kumi, wanafunzi walikuta kufuli jipya kwenye mlango wa karakana. Zana za Fortunat na mbao za wateja wake zilikuwa ndani, pamoja na mabenchi na ubao. Wengine walishika baiskeli zao kurudi nyumbani. Pascaline aliwaita.

Mlango ule ni wa mbao nyeusi, na ulishika chaki vizuri. Aliandika tarehe juu ya kufuli. Chini yake aliandika somo la siku: kiima na kiarifu. Wanafunzi wakakaa chini, wengine kwenye matofali, migongo yao ikielekea barabarani.

Mtaa ulisimama kutazama. Wauza mandazi walisimama, na wapita njia waliotoka kanisani kwenye mazoezi ya kwaya nao wakasimama. Haikupita muda wakaja wanajeshi wawili kutoka kwenye kizuizi cha barabara.

“Mukutano wa nini huu?” mkubwa wao aliuliza. “Mikutano imekatazwa.”

“Si mkutano. Ni somo la sarufi.”

“Barabarani?”

“Mlango umefungwa. Ukiwa na ufunguo, tutaingia ndani sasa hivi.”

“Mama, ondoa hawa watu.”

“Siwaondoi,” Pascaline alisema. Rachidi anasema hakupandisha sauti, alisema kama mtu anayekataa kuongezewa sukari kwenye chai. “Wana mtihani. Ukitaka kunikamata, nikamate. Lakini ningoje niwaambie waendelee ukurasa gani.”

Yule mwanajeshi aliwatazama waliokaa chini, akautazama mlango ulioandikwa chaki. Alimwambia amalize haraka, akarudi kwenye kizuizi. Pascaline hakumaliza haraka. Alimaliza somo.

Wakati huo Révérien alikuwa ameshafika. Alisimama nyuma ya watu, mikono mfukoni. Kila mtu alimwona.

Pascaline anasema alitaka siku hiyo ipite bila insha yoyote kusomwa. Ni Patricia aliyesimama bila kuitwa. Alisoma ukurasa wake wote mbele ya mtaa mzima, na alipofika kwenye jina alilitamka wazi, kama alivyotamka mengine.

“Tulimkuta Révérien. Aliingiza godoro lake katika chumba cha mama. Alituona. Alitupatia sufuria zetu, na mfuniko. Kisha alifunga mlango.”

Alikunja karatasi. Hakuna aliyepiga makofi.

“Rudia pale pa sufuria,” alisema Révérien.

Patricia alirudia.

Révérien alisikiliza, akatikisa kichwa mara moja, ama kukubali ama kukataa, hakuna aliyejua. Kisha akaenda zake.

Kufuli halikuondoka. Wiki iliyofuata darasa lilikaa barabarani tena, na wiki ya tatu pia, ingawa mvua za msimu zilikuwa zimeanza na chaki ilikuwa inatiririka mlangoni. Walijifunika nailoni, wakasoma. Wanafunzi wawili waliacha kuja, mmoja kwa sababu ya mume wake, mwingine kwa sababu ya woga, na Pascaline anasema hamlaumu yeyote kati yao. Nafasi zao zilichukuliwa na watu waliokuwa wanasimama kutazama.

Aliyemaliza habari ya kufuli ni Fortunat. Mteja wake alikuwa anarudi kutoka Kigoma na familia yake, na mlango wake ulikuwa ndani, umebakia kupigwa bawaba. Jumatatu moja asubuhi Fortunat alikuja na msumeno wa chuma, akakaa kwenye tofali, akakata kufuli mchana kweupe huku akisalimiana na wapita njia.

“Nilikuwa nimelipa kodi,” anaeleza. “Kufuli lilikuwa lao. Mbao zilikuwa zangu.”

Vipande vya kufuli alimpelekea mwenye kiwanja, yule shemeji wa Révérien, mkononi. Mwenye kiwanja alivipokea, akamuuliza bei ya kitanda. Hakuna aliyekuja kufunga tena.

Mtihani ulifanyika mjini mwanzoni mwa mwezi huu. Waombaji walimsikiliza mzee mmoja akisimulia safari yake ya kutoka Makamba hadi kambini, naye, kama Pascaline alivyotabiri, alianza na mifugo. Wanafunzi wanne wa Mutakura walifaulu. Rachidi hakufaulu. Alifanya vizuri kwenye uchambuzi wa sentensi, lakini anakiri kwamba kwenye simulizi aliongeza simba.

“Hakukuwa na simba,” anasema. “Lakini ile safari ilikuwa inamutafuta.”

Mwalimu amemwambia arudie mtihani, na aache simba nyumbani.

Patricia alifaulu. Sasa, siku malori yanapoingia kutoka mpakani, yeye hukaa kwenye meza chini ya turubai na kuwauliza watu majina yao, walikotoka, na walichokiona. Anasema mama mmoja alimwambia “tulifukuzwa”, akamuuliza na nani. Mama yule naye akamuuliza kama ana haki ya kuandika jibu.

“Nilimuambia ndiyo,” anasema Patricia. “Akavuta kiti.”

Mama yake mwenyewe bado hajashuka kwenye lori lolote. Barua zinasema afya yake si nzuri, labda atarudi baada ya mvua. Kwenye nyumba bado anakaa Révérien. Patricia amepeleka malalamiko yake panapohusika, akaambiwa asubiri kama wengine wengi. Shangazi Adija hajamsamehe Pascaline, lakini siku ya matokeo alimtumia bakuli la ndagala lililofunikwa kwa kitambaa, bila salamu.

Kuhusu kazi yake, Pascaline ana mpango. Mwezi wa kwanza anataka kufungua darasa la pili, siku ya Jumatano alasiri, kwa ajili ya vijana wanaorudi kutoka kambini ambao shule za hapa zinawarudisha madarasa ya chini kwa kukosa Kifaransa. Fortunat ameshaanza kutengeneza mabenchi kwa masalia ya mbao. Mwalimu mkuu wa shule anakofundisha amemshauri apumzike, asijitafutie maneno. Amemjibu kwamba maneno ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya.

Lakini kabla ya Jumatano hizo, kuna Jumamosi ijayo.

Wiki mbili zilizopita, mwanamke mmoja alisimama kwenye mlango wa karakana wakati wa somo, mkoba kifuani. Jina lake Léoncie. Ni mke wa Révérien. Alisema mume wake hajui amekuja, kisha akajirekebisha: anajua, hajasema kitu. Aliuliza kama ni kweli kwamba mtu yeyote anaweza kuandika.

Aliuliza pia, kwa sauti ya chini, kama anaweza kuandika majina ya watu wa Kamenge waliochoma nyumba yake mtoto wake akiwa ndani. Anawajua. Mmoja wao, alisema, ni ndugu wa mtu aliyekaa kwenye benchi la tatu.

Benchi la tatu lilitazama sakafu. Wanafunzi wawili walimwomba Mwalimu amkatalie. Walisema hapa si mahali pake. Pascaline aliwauliza mahali pake ni wapi, akampa Léoncie karatasi.

Tangu siku hiyo Léoncie anakaa nyuma, karibu na mapipa ya maranda, na kuandika polepole. Anafuta sana. Patricia hamsemeshi, lakini Jumamosi iliyopita alimpitishia kifutio alipoona anatafuta.

“Jumamosi ijayo Léoncie atasoma,” anasema Pascaline, akipangusa ubao kwa kiganja. “Wanafunzi wangu nimewaambia mlitaka mtaa mzima usikie majina mliyoandika, na ulisikia. Sasa mtakaa, mtasikia ya kwake. Nitamuuliza maswali yale yale niliyowauliza ninyi: wapi, lini, nani, na unajuaje. Asiyeweza kuvumilia, mlango uko wazi. Mimi nitakuwa ubaoni.”